Levin yangu na sailensi iliyogoma kutulia

Asubuhi ukiiwasha Toyota yangu, RPM (mizunguko ya injini kwa dakika) zilikuwa zinapanda hadi 2000, zinaporomoka mpaka injini inakaribia kuzima, halafu zinapanda tena. Mshale hautulii. Ikishapata moto mchezo huo unaisha, lakini sailensi, yaani mngurumo wa injini ukiwa hujakanyaga mafuta, inang'ang'ania 1300 na haishuki. Ukiwasha AC kwenye foleni ya Buguruni inaanguka ghafla, taa za dashibodi zinafifia, gari linazima. Lakini ukilitoa kwenye foleni, kuanzia RPM 4000 kwenda juu ni gari jingine kabisa: linavuta bila misi yoyote, bila kukatikakatika, mpaka kwenye alama nyekundu.

Gari likikosa sailensi huku likiwa sawa kwenye mwendo, wengi wetu tunakimbilia kununua. Plagi mpya, pampu ya mafuta, kontroli boksi (kompyuta ya injini) ya mtumba. Mimi naona ile tofauti kati ya foleni na barabara ni taarifa ya bure. Inakuambia petroli inafika, moto wa plagi upo, na kompresheni, mgandamizo wa ndani ya silinda, si mbaya. Kilichobaki ni kutafuta hitilafu ndogo, ya aina ile inayojitokeza tu pale injini inapovuta hewa kidogo.

Gari lenyewe ni Toyota Corolla Levin AE101, injini 4A-GE ya valvu 20, ile yenye kifuniko cha rangi ya fedha. Toyota waliitoa mwaka 1991, kichwa cha injini wakiwa wameshirikiana na Yamaha. Ni cc 1587, kila silinda ina valvu tano, tatu za kuingiza hewa na mbili za kutoa moshi, na walipoiuza Japani waliiandikia nguvu farasi 160 kwenye RPM 7400. Kinachoitenga na Corolla za kawaida ni throto, ule mlango wa hewa wenye kisahani kinachofunguka ukikanyaga mafuta. Corolla ya kawaida ina throto moja inayolisha silinda zote nne. Hii ina throto nne, moja kwa kila silinda, na ndiyo maana ukikanyaga inajibu papo hapo. Gharama yake unailipa kwenye sailensi, kwa sababu visahani vinne vinatakiwa kufunga na kubakiza mwanya uleule. Kimoja kikibaki wazi kidogo kuliko wenzake, silinda yake inapata hewa nyingi na injini nzima inatetemeka.

Jambo la pili la kujua ni jinsi inavyopima hewa. Baada ya chujio kuna boksi lenye kibao ndani. Hewa ikiingia inakisukuma kibao, na kontroli boksi inasoma kimefunguka kiasi gani, kisha inaziambia injekta zimwage petroli kiasi hicho. Hewa yoyote inayoingilia baada ya kile kibao, kupitia mpira uliopasuka au gasketi iliyochoka, haihesabiwi. Ukiwa 6000 injini inameza hewa nyingi mno kiasi kwamba ufa mdogo hauna maana. Kwenye sailensi visahani vimefungwa, injini inaishi kwa hewa kidogo sana, na ufa uleule unakuwa sehemu kubwa ya kinachoingia.

Nilishalipitisha kwa mafundi kadhaa kabla ya kufika kwa mzee mmoja pale Ilala ambaye amezitengeneza Toyota za miaka hiyo tangu zilipokuwa mpya. Alisikiliza injini, akazunguka boneti taratibu, akaangalia na tochi. Hakushika spana. Kisha akaniambia, "Kijana wangu, hili gari haliumwi ugonjwa mmoja. Limenyweshwa dawa nyingi. Tulitoe dawa kwanza, ndipo tuujue ugonjwa."

Nikamuuliza, "Dawa zipi, mzee?"

Akaanza kunionyesha. Skrubu inayozuia throto zisifunge kabisa ilikuwa imezungushwa ndani, alama za bisibisi zinang'aa. Sensa ya throto ilikuwa imesukumwa mpaka mwisho wa tundu lake. Mpira mmoja mwembamba wa vakyumu (mvuto wa hewa wa injini) ulikuwa umezibwa kwa skrubu ya mbao. Distribyuta, ile inayogawa moto kwa plagi, ilikuwa imesogezwa, unaona vumbi la zamani limeacha kivuli mahali nati ilipokuwa. Nyumba ya themostati, valvu inayozuia maji mpaka yapate moto, ilikuwa na gasketi mpya, na ndani yake hamna themostati. Juu ya ule mpira mkubwa wa hewa kulikuwa na silikoni ya bluu.

Ninaposikia mtu ana gari la zamani la injekta linalokosa sailensi, huwa namsimulia orodha hiyo. Kila kitu pale kilikuwa na mantiki kwa aliyekifanya. Gari lilikuwa linazima, mtu akakaza skrubu ya throto lisizime. Sailensi ikawa juu, mwingine akaziba mpira wa vakyumu ishuke. Likawa zito, mwingine akasogeza taimingi, yaani wakati wa plagi kutoa moto. Kila fundi alitibu kazi ya aliyemtangulia, na ugonjwa wa mwanzo ukabaki chini kabisa, haujaguswa. Ukianza kupima juu ya hayo yote, vipimo havikuambii chochote. Kwa hiyo kazi ya kwanza ni kulirudisha gari kwenye msingi wa kiwandani, hata kama kwa muda litakuwa baya zaidi. Na langu lilikuwa baya zaidi. Tulipoifungua ile skrubu ya throto ikarudi mahali pake, injini haikukaa kabisa bila mguu kwenye mafuta.

Kabla ya hapo tulisoma makosa. Mashine za kupima ambazo mafundi wengi wanatembea nazo siku hizi hazina pa kuchomeka kwenye gari hili. Lakini chini ya boneti kuna kiboksi kidogo cha plastiki kimeandikwa DIAGNOSIS, na ndani ya kifuniko kuna ramani ya matundu. Unachukua kipande cha waya, unaunganisha TE1 na E1, unafungua swichi ya funguo bila kuwasha injini, kisha unahesabu taa ya injini inavyopepesa kwenye dashibodi. Mipepeso miwili, kituo, miwili tena ni 22, sensa ya joto la maji. Tatu na moja ni 31, kile kipima hewa. Nne na moja ni 41, sensa ya throto. Yangu ilipepesa kwa mwendo mmoja bila kituo, maana yake hakuna kosa lililoandikwa. Wengi wakiona hivyo wanakata tamaa au wanaamua kontroli boksi imekufa. Sivyo. Kontroli boksi inaandika kosa pale waya unapokatika au sensa inapotoa namba isiyowezekana. Sensa ikisema uongo unaowezekana, au hewa ikipita pembeni, haina namna ya kujua.

Basi tukaanza na joto, na hapa nina neno zito kidogo. Hapa Dar kutoa themostati imekuwa desturi. Gari likichemka mara moja tu, themostati inatupwa, na maelezo ni kwamba nchi yetu ni ya joto. Lakini themostati haichemshi gari. Ya injini hii inaanza kufunguka kwenye nyuzi 82 hivi, na ikishafunguka maji yanapita. Kinachochemsha gari ni rejeta iliyoziba, feni isiyowaka, mfuniko usioshika presha, au gasketi ya kichwa. Ukiitoa, injini haifiki joto lake, na kontroli boksi inaendelea kuamini ni asubuhi: inazidisha petroli na kuinua sailensi. Tulipima ile sensa ya pini mbili inayoongea na kontroli boksi (usiichanganye na ya pini moja, ile ni ya geji ya dashibodi tu). Sensa hiyo ya Toyota inatakiwa kusoma kati ya kilo-omu 2 na 3 kwenye nyuzi 20, na kati ya omu 200 na 400 kwenye nyuzi 80. Baada ya mwendo wa kutosha, yangu ilikuwa bado juu ya omu 600. Sensa ilikuwa nzima, inasema kweli: maji yalikuwa ya uvuguvugu.

Tukasafisha njia za maji. Yaliyotoka yalikuwa na rangi ya udongo wa mfinyanzi, kwa sababu kwa miaka gari lilijazwa maji ya bomba. Tukaweka themostati mpya na kulanti (maji maalumu ya kupozea), tukatoa hewa iliyonaswa kwa kuliacha lingurume huku mfuniko wa rejeta uko wazi na hita iko kwenye moto mpaka mapovu yakaisha. Mfuniko huo unafunguliwa injini ikiwa ya baridi. Maji ya rejeta yanaunguza vibaya. Hatua hiyo peke yake ilibadilisha tabia ya gari kwa kiasi kikubwa. Halijawahi kuchemka tangu hapo, hata kwenye foleni ya saa nane mchana.

Hewa ndiyo iliyochukua muda. Mzee alikuwa na jaribio moja ambalo sikuwa nalijua. Injini ikiwa inanguruma, unafungua mfuniko wa oili. Kwenye gari la kipima hewa cha kibao, ukifungua pale unaingiza hewa isiyohesabiwa kupitia njia ya kurudisha mvuke wa oili, na injini nzima inatakiwa kuyumba au kuzima. Ya kwangu haikujali. "Ameshazoea kuvuta hewa ya pembeni," mzee akasema, "ndiyo maana hashtuki." Akanituma nibane mipira ya vakyumu mmoja baada ya mwingine kwa koleo lililofungwa kitambaa, nikitazama mshale. Mpira unaobanwa na RPM zikabadilika sana ndio unaopitisha hewa, na hapo unajiuliza kama unastahili kupitisha.

Ufa mkubwa ulikuwa kwenye ule mpira mnene wenye mikunjo unaotoka kwenye kipima hewa kwenda kwenye boksi la throto. Juu yake silikoni ya bluu ilikuwa imepakwa vizuri kabisa, ila upande usio na shida. Tulipouvua na kuukunja kwa mikono kuelekea juu, mkunjo wa chini ulifunguka kama urefu wa ukucha wa kidole gumba. Ukiuachia unafunga, huuoni. Injini ikitikisika unafunguka, ikitulia unafunga, na hapo ndipo sailensi ilipokuwa inachezeshwa. Mpira kama huo mpya kwa gari hili si rahisi kuupata. Nilizunguka Ilala na Gerezani mpaka nikapata wa mtumba ambao bado ulikuwa laini. Niliupima kwa kuujaza maji na kuukunja kila upande kabla ya kutoa hela, muuzaji akiniangalia tu.

Uvujaji wa pili ulikuwa kwenye gasketi kati ya throto na kichwa, upande wa silinda ya tatu. Tuliugundua kwa chupa ya kunyunyizia maji: unapuliza kidogo kwenye maungio, maji yanaziba mwanya kwa sekunde chache na mlio unabadilika. Wapo wanaotumia petroli au dawa ya kusafishia kabureta kwa kazi hii. Karibu na ekzosi ya moto na waya za plagi zilizozeeka, mimi naomba mtu asifanye hivyo. Maji yanatosha.

Tulipoziba hizo mbili na kuondoa ile skrubu ya mbao, ilikuwa zamu ya valvu ya sailensi. Hiyo ndiyo inayopitisha hewa kuzunguka visahani vikiwa vimefungwa, na kontroli boksi inaiamuru ifungue zaidi injini ikiwa ya baridi au AC ikiwashwa. Ilikuwa imeganda kwa masizi. Ukibana mpira wake hakuna kilichobadilika, ishara kwamba haikuwa inafanya kazi yoyote. Ililowekwa kwenye dawa ya kusafishia throto, ikapigwa mswaki taratibu, bila kulazimisha kile kinachozunguka ndani kwa bisibisi. Iliporudishwa, ukibana mpira RPM zinashuka, ukiachia zinarudi.

Hapo tu ndipo tuligusa marekebisho. Sensa ya throto ina swichi ndani inayoiambia kontroli boksi kwamba mguu umetoka. Yangu ilivyokuwa imezungushwa, swichi ilibaki imefunga hata throto ikiwa imefunguka kidogo. Na ule mchezo wa asubuhi ukaeleweka: RPM ziko juu kwa sababu ya hewa nyingi, swichi inasema mguu haupo, kontroli boksi inaamini gari linateremka mlima likiwa kwenye gia, inakata petroli. RPM zinaporomoka, inarudisha petroli, zinapanda, inakata tena. Nilikuwa nimeambiwa huo ni ugonjwa wa kontroli boksi. Kontroli boksi ilikuwa inafanya kazi yake sawasawa kwa taarifa ilizopewa. Sensa ikarekebishwa kwa multimita na fila geji (vibati vya kupimia mwanya) kwenye kituo cha throto, mpaka swichi ikawa inaachia mara tu throto inapoanza kusogea.

Kulinganisha throto nne kulihitaji geji za vakyumu nne, ambazo mzee aliziazima kwa fundi wa pikipiki kubwa. Kwenye injini za kabureta nyingi watu husikiliza kwa mpira sikioni, koo moja baada ya jingine. Hapa huwezi, kwa sababu ukivua boksi la hewa kibao hakisukumwi na injini inazima. Kwa hiyo geji zinaunganishwa kwenye vitundu vya vakyumu vya kila koo. Silinda ya 1 na 2 zilikuwa zinavuta sawa, ya 3 na 4 zilikuwa dhaifu, visahani vyake vimebaki wazi. Ni skrubu ndogo mno, robo ya mzunguko ni nyingi. Unagusa, unapiga resi kidogo, unaacha itulie, unasoma. Mzee alifanya kazi hiyo bila kusema neno, na mshale wa nne ulipokaa sawa na wenzake ule mtetemo wa usukani niliokuwa nimeuzoea ukaondoka.

Taimingi ilikuwa rahisi. Unaunganisha tena TE1 na E1, injini ikiwa ya moto na kwenye sailensi, unamulika kwa taa ya taimingi, unasogeza distribyuta mpaka nyuzi 10 kabla ya pistoni kufika kilele. Bila huo waya kontroli boksi inajipangia yenyewe na utakuwa unafukuza alama inayohama.

Kuzima na AC kulikuwa na sababu yake pembeni. Oltaneta ilitoa volti 14 safi. Lakini tulipoweka multimita kati ya nguzo hasi ya betri na bloku ya injini, AC na taa zikiwa zimewashwa, ilisoma zaidi ya nusu volti. Kati ya sehemu hizo mbili inatakiwa kuwa karibu na sifuri. Waya wa ethi, ule wa hasi, ulikuwa umeliwa na kutu pale unapofungwa kwenye bodi, kijani kibichi chini ya nati. Kwa gari lililoishi karibu na bahari haishangazi. Msasa, nati mpya, na waya mnene zaidi. Taa haziyumbi tena kompresa inapoingia.

Kwenye safari yote hiyo vitu nilivyonunua vilikuwa themostati, kulanti, gasketi, nati na waya, pamoja na mpira mmoja wa mtumba. Kipima hewa nilichoshauriwa kununua hakikuwa na tatizo. Wapo pia wanaofungua kile kiboksi cheusi na kuzungusha springi ya kibao ili gari "lile vizuri". Ukishaizungusha huna tena cha kurejea, maana kiwanda ndicho kilichoipima.

Sasa ikiwa ya moto inakaa kati ya 800 na 900, na AC ikiingia inashuka kidogo na kurudi yenyewe. Skrubu zote tulizorekebisha nimezipaka tone la rangi ya kucha, na chini ya boneti nimebandika karatasi yenye namba za sensa, taimingi na usomaji wa geji, ili fundi atakayefuata aone kama kuna kilichosogea kabla hajasogeza chake. Bado kuna kitu kimoja: nikitoka kwenye mwendo mkali inabaki 1100 kwa sekunde chache ndipo ishuke. Mpira wa vakyumu si wenyewe, nimeshaubana. Nashuku kebo ya pedali ya mafuta imekauka ndani ya ala yake, kwa hiyo nitaanza kwa kuivua kwenye throto na kuona kama visahani vinarudi haraka bila hiyo kebo.